Je, Wajua? Pilipili ya Juzi Yaonekana Baharini

Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walichapisha orodha ya virusi vya RNA walivyovikuta katika kinyesi cha watu wazima wenye afya zao. Aliyetarajia kusoma majina ya virusi vya kuharisha alishangaa. Kilichoongoza kwa wingi ni kirusi cha mmea, kile kinachoyatia mabaka majani ya mpilipili. Mlaji hakimdhuru. Huingia na pilipili mbichi, pilipili ya chupa au achari, hupita tumboni kikiwa kizima, kisha hutoka na vingine vinavyotoka. Miaka mitatu baadaye, katika sehemu mbalimbali za Marekani, kilipatikana katika kila sampuli ya maji taka ghafi iliyopimwa: zaidi ya nakala milioni moja katika kila mililita.

Ukichota maji ya bahari ukakiona humo, basi maji ya choo yamefika. Sijui kama kuna pwani ambayo ushahidi huu ungepatikana kwa urahisi kuliko yetu, ambako pweza wa jioni haliki bila pilipili.

Mtu atauliza kwa nini wanasayansi wahangaike na kirusi cha mboga. Ni kwa sababu jicho halisaidii. Maji ya mto yaliyokolea udongo wakati wa mvua huenda hayana kingine ila udongo, na maji maangavu ya kuonyesha vidole vya miguu huenda yamebeba homa ya matumbo. Kutafuta kila kimelea kimoja kimoja ni kazi ghali isiyokwisha, maana vimelea viko kwa mamia. Njia ya mkato ni kumtafuta shahidi: kitu kisichokosekana kwenye maji taka, kilicho rahisi kupimwa, ambacho kikionekana wengine wanadhaniwa wako nyuma yake.

*Je, wajua shahidi wa kwanza aligunduliwa na daktari wa watoto?*

Ni Theodor Escherich, aliyekuwa akichunguza vinyesi vya watoto wachanga mjini Munich. Mwaka 1885 alieleza habari za bakteria ambayo leo tunaiita E. coli. Aina zake nyingi ni wakazi wa kawaida wa utumbo na hazina ubaya. Thamani yake kwa mpimaji ni kwamba ikiwa ndani ya maji, kinyesi nacho kimo. Kwa mto na kisima imefanya kazi nzuri kwa zaidi ya karne. Baharini inapwaya. Chumvi na jua huiua mapema, kwa hiyo maji yanaweza kutoa majibu safi ilhali virusi vilivyokuja pamoja nayo bado vipo. Ndiyo maana wapimaji wa fukwe wanapenda bakteria wengine wa utumboni, enterokoki, wanaoivumilia chumvi zaidi.

Upimaji wenyewe unafaa kutazamwa kwa karibu. Mpimaji huchota maji kwenye chupa iliyochemshwa na kufungwa, akaiweka kwenye sanduku la barafu lisilopigwa na jua. Maabara humimina mililita 100, nusu ya glasi hivi, juu ya utando mweupe wenye matundu madogo mno, ya sehemu 0.45 ya maikromita. Maji hupita, bakteria hubaki juu. Utando hulazwa kwenye kisahani chenye chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye kabati la nyuzi 41 kwa saa 24. Kesho yake kila bakteria aliyekuwa hai amezaa kundi linaloonekana kwa macho, kidoa kilichozungukwa na duara la buluu. Mpimaji huvihesabu kwa jicho. Kiwango cha Marekani kilichowekwa mwaka 1986 kwa maji ya bahari ya kuogelea ni wastani wa vidoa 35 kwa mililita 100.

Tatizo liko kwenye hizo saa 24. Bango la “Usioge hapa” linalosimikwa leo linasimulia maji ya jana. Katika ufuko wa Huntington, California, watafiti waliwahi kuchota maji kila baada ya dakika 10, mchana na usiku. Waliona vipindi vingi vya uchafu kupita kiwango vikidumu chini ya saa moja, na hesabu zikipanda usiku na kushuka jua linapopanda. Anayepima mara moja kwa wiki, tena saa nne asubuhi, anapima bahati yake.

*Je, wajua bamvu na maji mafu vina mkono katika usafi wa ufuko?*

Huko huko kusini mwa California walikusanya takwimu za fukwe 60 na kuzilinganisha na mwezi. Katika fukwe nyingi enterokoki walizidi siku za bamvu, hasa maji yanapokupwa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba bakteria hujihifadhi mchangani, ambako mara nyingi huwa wengi kuliko majini. Siku za maji mafu bahari haiwafikii. Bamvu likija, maji hupanda hadi mchanga ambao haujaloa kwa takriban wiki mbili, huuosha, kisha hurudi na kilichomo. Kwetu, ambako tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvu hufikia mita nne hivi, mvuvi yeyote anajua mwezi mwandamo na mwezi mpevu humletea nini ufukweni. Ratiba za kupima maji zingefaa kumwuliza.

*Je, wajua serikali iliwahi kuwaalika watu waoge maji yenye kinyesi?*

Si kwa lugha hiyo. Uingereza, tangu ripoti moja ya mwaka 1959, ilikuwa imeshikilia kwamba kuoga baharini hakuna hatari ya maana kwa afya, isipokuwa maji yawe machafu kiasi cha kumchefua mtu kwa kuyaona tu. Huko Marekani Victor Cabelli alifika kwingine. Yeye na wenzake waliwahoji waogeleaji kwenye fukwe za New York na kwingineko, wakapima maji siku hizo hizo, na wakaona maradhi ya tumbo yakipanda sambamba na enterokoki. Alikwenda mpaka Alexandria, Misri, kufanya uchunguzi wa namna hiyo. Waliompinga walisema: anayeamua kuoga ni mtu wa tabia tofauti na anayekaa kivulini, huenda pia walikula vitu tofauti.

Pingamizi hilo ndilo lililozaa jaribio la ajabu. Kati ya 1989 na 1992, katika fukwe nne za Uingereza, watu wazima waliojitolea waligawanywa kwa kura. Kundi moja liliingia majini kwa dakika zisizopungua 10, kila mtu akizamisha kichwa mara tatu. Kundi jingine lilikaa mchangani. Chakula cha mchana kilikuwa kile kile kwa wote, ili asitokee wa kuusingizia mkate. Watafiti walisimama majini pamoja na waogaji wakichota sampuli, kifundoni, kiunoni na kifuani. Majibu yalichapishwa mwaka 1994: kati ya vipimo vyote, kilichoendana na kuugua tumbo ni hesabu ya bakteria wa jamii ya enterokoki, tena ile ya maji ya kifuani peke yake, na hatari ilianza kuonekana hesabu ikifika 32 hivi kwa mililita 100. Wamarekani, kwa njia tofauti kabisa, walikuwa wamesimama kwenye 35. Mambo mawili yanayokutana hivyo ni nadra katika sayansi ya afya, na tangu hapo mjadala ulihama kutoka “je, inadhuru?” hadi “nani alipe?”

*Je, wajua chaza anaweza kusafishwa akabaki na ugonjwa?*

Novemba 1902 mameya wa miji miwili ya kusini mwa Uingereza, Winchester na Southampton, waliwaandalia wageni wao karamu. Chaza walitoka Emsworth, ambako mabomba ya mji yalimwaga majitaka juu ya vitanda vya chaza. Homa ya matumbo iliwashika wageni wa karamu zote mbili, na kati ya waliofariki alikuwa mkuu wa kanisa la Winchester. Biashara ya chaza ya Emsworth ilikufa nao.

Baada ya visa kama hicho nchi nyingi zilianza kuwaweka chaza siku kadhaa kwenye maji safi ili wajisafishe. Kwa E. coli inafaa sana: chaza huchuja maji mfululizo, hivyo huitoa kama alivyoiingiza. Norovirusi, wale wa kutapika na kuharisha kwa siku mbili, hawatoki. Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa walieleza sababu. Ndani ya mfumo wa chakula wa chaza mna aina ya sukari inayofanana na ile ya kundi A la damu ya binadamu, na kirusi hukishikilia kitu hicho hicho anachokishikilia ndani ya utumbo wetu. Kwa maneno mengine, kirusi humkuta chaza amemwekea kitasa anachokijua. Cheti cha “hana E. coli” hakisemi lolote juu yake. Wala ndimu haimtishi: ni kirusi anayepita kwenye asidi ya tumbo akiwa mzima. Moto ndio dawa.

*Je, wajua mwani huweka kumbukumbu za majirani zake?*

Hapa turudi nyumbani, maana Unguja imechunguzwa kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Mji Mkongwe una mabomba ya zamani yanayotoa maji taka moja kwa moja baharini, karibu kabisa na ufuko, na mbele yake viko visiwa vya Changuu, Bawe na Chapwani vyenye miamba ya matumbawe. Swali la watafiti lilikuwa jepesi kulitamka: uchafu huo unafika wapi? Bakteria hawatoshi kulijibu, kwa kuwa hufa njiani.

Walitumia nitrojeni. Kuna nitrojeni nyepesi, 14, na nzito, 15, na mwani huzila zote mbili. Katika maji taka, amonia inayopotelea hewani na bakteria wanaokula nitrojeni hupendelea ile nyepesi, kwa hiyo nzito hubaki ikizidi. Wanasayansi hupima ziada hiyo kwa kipimo ambacho hewa ni sifuri. Mbolea ya dukani, ambayo nitrojeni yake ilitolewa hewani, hukaa karibu na sifuri. Ya maji taka yaliyokwisha kuchakatwa na bakteria hupanda, mara nyingi hadi kupita 10. Mwani haukimbii. Hukaa hapo wiki kwa wiki ukijijengea mwili kwa kile maji yanachouletea, na ukichanwa maabara husema umelishwa na nani. Utafiti wa Mji Mkongwe uliochapishwa mwaka 2012 uliweka ushahidi huo bega kwa bega na hesabu za bakteria, na vyote viwili vilikuwa vikali karibu na mji na kufifia kadiri watafiti walivyokwenda mbali na mabomba.

Kufifia, hata hivyo, ni jambo la bakteria na afya ya muogaji. Matumbawe yana shauri jingine. Mwaka 1995, katika jarida la Ambio, watafiti wa Sweden na Tanzania, akiwamo hayati Adelaida Semesi, mwanabotania wa bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwamba mwani wa chokaa ulipungua kwenye miamba kadiri ilivyokaribia mji wa Zanzibar. Huu si mwani wa kulima. Ni ule utando mgumu wa rangi ya waridi unaoufunika mwamba, ambao wapiga mbizi wengi hudhani ni jiwe. Kazi yake ni kuunganisha vipande vya matumbawe viwe mwamba mmoja, na matumbawe machanga mara nyingi huuchagua kuwa mahali pa kukaa. Maabara ilimtaja mkosaji: fosfati, ambayo mkojo, kinyesi na sabuni huwa nayo kwa wingi. Ikizidi, mwani huo hushindwa kujenga chokaa. Hapakuhitajika kimelea wala sumu. Mbolea tu ilitosha. Mtalii anayelipa boti kwenda kuona samaki wa Changuu, na bomba la choo la nyumba aliyolala, wana uhusiano ambao hauandikwi kwenye risiti.

*Mafupi mafupi*

Bakteria wa utumboni hubadilisha kolesteroli kuwa koprostanoli, na koprostanoli hudumu kwenye tope lisilo na hewa. Wachimbuaji wa historia wameitumia kukadiria wingi wa watu katika Cahokia, mji wa kale wa Marekani, kwa kupima tope la ziwa lililo jirani.

Mwaka 2011 ilithibitishwa kwamba bakteria Serratia marcescens kutoka maji taka ya binadamu husababisha ugonjwa wa madoa meupe kwa matumbawe ya Florida. Tumezoea kusikia magonjwa ya wanyama yakimjia binadamu. Hapa njia ni ya kinyume.

Mwaka huo huo utafiti mwingine ulionyesha kwamba vazi moja la polyester laweza kutoa zaidi ya nyuzi 1,900 katika fuo moja la mashine. Nyingi ya nyuzi za plastiki zilizookotwa kwenye fukwe duniani zilifanana na hizo.

Boston, ambayo bandari yake iliwahi kuwa aibu ya taifa, tangu mwaka 2000 hupeleka maji yake yaliyosafishwa kilomita 15 nje ya pwani, kwa handaki lililochimbwa chini ya sakafu ya bahari.

*Je, wajua shimo la choo nalo linaweza kuwa bomba la bahari?*

Huko Lahaina, kisiwa cha Maui, Hawaii, mtambo wa kusafisha maji taka ulikuwa ukiyasukuma maji yake ndani ya visima virefu, takriban lita milioni 15 kwa siku. Hoja ilikuwa kwamba yamekwenda ardhini, na bahari haihusiki. Wavuvi na waogaji walikuwa na mashaka, maana karibu na ufuko palikuwa na chemchemi za maji ya uvuguvugu na mwani mwingi kupita kiasi. Julai 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walimimina rangi ya kijani inayong’aa, fluorescein, katika visima viwili. Wakangoja. Siku ya 84 rangi ilitoka kwenye sakafu ya bahari, umbali wa mita 800 hivi, na iliendelea kutoka kwa miezi mingi. Walikadiria kwamba zaidi ya nusu yake iliishia humo. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Aprili 2020, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliamua kwamba umwagaji wa ardhini unaolingana kwa matokeo na umwagaji wa moja kwa moja unahitaji kibali kile kile.

Mwamba wa Lahaina ni wa volkano. Wetu, kuanzia Mombasa hadi Unguja na kwingi pwani, ni matumbawe ya kale yenye matundu na mapango. Pango la Mangapwani lenye dimbwi la maji baridi ni mfano unaotembelewa kila siku. Katika jiwe la namna hiyo maji hayachujwi taratibu kama kwenye mchanga, hupita. Nyumba ya kulala wageni iliyo hatua chache kutoka ufukweni, yenye karo lisilojaa hata msimu wa wageni wengi, ina jambo la kueleza. Karo lisilojaa linavuja, na upande wa mteremko ni baharini.

*Je, wajua dawa huendelea na safari baada ya mgonjwa?*

Lamivudine, moja ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hutoka mwilini na mkojo kwa takriban asilimia 70 bila kubadilika. Watafiti wa Kenya na Ubelgiji waliochunguza bonde la Mto Nairobi waliikuta dawa hiyo, pamoja na nevirapine na zidovudine, kati ya zile zenye viwango vya juu. Takwimu hiyo ina pande mbili. Inasema mitambo ya maji taka haikuundwa kwa ajili ya dawa. Inasema pia kwamba watu wengi wanameza vidonge vyao, jambo ambalo miaka ya tisini lingekuwa ndoto. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki humwaga kaskazini kidogo mwa Malindi. Watu wa Mambrui hupokea kilichobaki cha mji ulio mamia ya kilomita kutoka kwao.

*Je, wajua kuna wafanyakazi wa usafi wasiolipwa?*

Jua ni wa kwanza. Mabwawa ya maji taka ya Vingunguti na Kurasini, Dar es Salaam, au yale makubwa ya Dandora kule Ruai, Nairobi, hayana mashine za maana. Maji hukaa siku nyingi, mayai ya minyoo huzama, mwani hutoa oksijeni na mchana hupunguza asidi ya maji kiasi cha kuwashinda bakteria, na miali ya jua humalizia. Mtambo wa aina ya Manchester, uliobuniwa na Ardern na Lockett mwaka 1914 na ambao leo umeenea duniani, hufanya kazi kama hiyo kwa saa badala ya siku, ila umeme ukikatika bakteria wake hukosa hewa.

Mikoko ni ya pili. Katikati ya miaka ya 2000 mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya ulichunguza mikoko ya Kenya, Tanzania na Msumbiji inayopokea maji taka ya miji. Walimwagilia mikoko maji hayo kwa vipimo, na kuwachunguza pia kaa wadogo wenye gando moja kubwa, ambao hulima tope na kula vijidudu vilivyostawi juu yake.

Wa tatu ni majani ya bahari, yale yanayong’olewa na mahoteli ili wageni wakanyage mchanga mtupu. Timu iliyoongozwa na Joleah Lamb ilikuwa visiwani karibu na Sulawesi, Indonesia, ikichunguza matumbawe, wakati wanasayansi wenyewe walipoanza kuugua kuhara damu na homa ya matumbo. Walipopona walirudi na vifaa vya kupima. Matokeo yalitoka mwaka 2017: palipokuwa na majani ya bahari, enterokoki walikuwa theluthi ya waliokuwepo pasipo na majani, na matumbawe ya jirani yalikuwa na nusu tu ya magonjwa.

Wote watatu hushindwa na mvua kubwa. Masika yakishika, Mto Msimbazi hubeba kila kilichokuwa kwenye mitaro, pamoja na kazi ya wale wanaongoja mafuriko ili watapishe vyoo badala ya kulipia gari la kunyonya. Mamlaka za afya za kusini mwa California huwashauri waogaji wakae nje ya maji kwa saa 72 baada ya mvua. Ushauri huo ulitungwa mahali ambapo mvua ikinyesha Jumatatu huwa imekwisha Jumanne. Dar es Salaam ikianza Machi, mtu anayengoja saa 72 kavu anaweza kuingia baharini mwezi Juni.